Unga Mweupe Katika Bidoni za Mawese

Zamani waendesha toleka wa Kisangani walishuka kwenye baiskeli zao wakamsalimu mwalimu akipita. Leo mwalimu ndiye anayerukia mtaroni kuzipisha pikipiki, na hakuna anayegeuka kuangalia kama ametoka salama.

Mwalimu René Bolaya ametoka mtaroni mara nyingi. Ni mtu mrefu, mwembamba, mzaliwa wa wavuvi wa Yanonge, aliyefundisha kemia katika shule moja ya sekondari huko Mangobo mpaka meno yakaanza kumtoka. Shati lake bado analifunga kifungo cha shingoni hata jua likiwa kali, kwa sababu walimu wa enzi zake walivaa hivyo, na kwa sababu nguo ni kitu kimoja ambacho hakuna aliyekuja kumwambia kimepitwa na wakati.

Darasa lake lilikuwa na ukuta wa nyuma ambao watu walikuja kuutazama kutoka mitaa mingine. Alichora juu yake jedwali la elementi kutoka kona hadi kona, kwa rangi iliyobaki baada ya watu kupaka mashua zao: buluu, nyekundu na kijani cha mti mbichi. Hakuwafundisha watoto kulikariri. Aliwafundisha kulitembea.

"Hii ni ramani ya mji," alikuwa akisema, fimbo mkononi. "Huku kushoto, chini, wanakaa wakarimu. Potasiamu huyu, elektroni yake ya nje inamwasha mkononi, anampa yeyote anayepita. Sasa nenda kulia. Ukarimu unapungua. Panda juu. Uchoyo unazidi. Nenda kulia, panda juu, utafika wapi?"

"Kwenye kona ya wanyang'anyi!" darasa lilijibu.

"Na wale wa ukingoni kabisa, baada yao?"

"Wale wameshiba, Mwalimu! Hawataki kitu ya mutu!"

Kisha aliwaeleza sababu, maana René hakupenda mtoto aondoke na jibu bila sababu yake. Katika mstari mmoja, kila unapokwenda kulia, kiini cha atomi kinaongezeka nguvu ya kuvuta. Katika safu moja, aliye juu ana nyumba ndogo: kiini chake kiko karibu na mlango, anaponyoosha mkono anafika nje na kukamata elektroni ya jirani. Aliye chini ana vyumba vingi vilivyokizunguka kiini, mkono wake unachoka kabla ya kufika mlangoni. Kunyang'anya huko ndiko vitabu vinakokuita kuoksidisha. Na moto, aliwaambia, si kitu kingine: ni unyang'anyi unaofanyika haraka.

Safu ya wanyang'anyi aliwafundisha kwa mkono. Darasa zima lilisimama. Ngumi juu ya kichwa: "Fluor!" Ngumi kwenye paji la uso: "Chlore!" Ngumi kifuani: "Brome!" Ngumi tumboni: "Iode!" Yaani florini, klorini, bromini, iodini, kama zilivyopangwa ukutani kutoka juu kwenda chini. Ngumi ya juu inamnyang'anya wa chini, ya chini haimwezi wa juu. Baada ya hapo aliwaonyesha. Alitia maji ya klorini katika maji ya chumvi ya iodini, iodini ikanyang'anywa elektroni yake, ikabaki peke yake, maji yakawa na rangi ya chai. Akadondosha humo uji mwepesi wa muhogo aliopikiwa nyumbani, na chupa nzima ikageuka nyeusi yenye buluu. Watoto walipiga kelele. Alipojaribu kinyume chake, iodini katika chumvi ya jikoni, hakuna kilichotokea, na hapo wakaelewa.

Binti yake Orpha alikaa dawati la mbele. Ngumi yake ilikuwa ya kwanza kupanda siku zote.

Chumba kile kipo. Maabara ilikwisha chupa moja baada ya nyingine, kisha ukuta ukapakwa chokaa, na juu ya chokaa wakachora mtu anayecheka akiwa na simu sikioni. Watoto wa siku hizi wanaambiwa wanakili majina ya elementi kutoka kwenye kioo cha simu, wanayanakili, wanafaulu. Ukiwauliza kwa nini klorini inaishinda iodini wanakutazama kama umewatukana. René alistaafu bila sherehe. Alichobaki nacho kutoka kwenye kazi ile ni hofu, maana mtu anayejua nani anamnyang'anya nani hawezi kutazama jiko la jirani akalala vizuri. Alimkataza jirani kuchanganya maji ya javeli, yale ya kung'arisha nguo, na siki. Aliwakataza vijana kuweka petroli karibu na mbabula, jiko la makaa. Walimcheka. Walimpa jina la Papa Danger, na hata wajukuu wa watu wasiomjua walimwita hivyo kwa mbali, halafu wakakimbia.

Asubuhi hii ninayoisimulia, René alikwenda nyumbani kwa Orpha kuagana naye. Orpha na mumewe Jeancy walikuwa wanahama na mtoto wao Benie kwenda Barumbu, chini ya mto, kuanza biashara. Mizigo ilikuwa uani: magodoro, sufuria, vitenge, sabuni, na kando ya ukuta, chini ya turubai, bidoni za manjano za mafuta ya mawese.

Mtu wa Kisangani hahitaji kuelezwa bidoni ya mawese. Ikimaliza mafuta inaoshwa kwa maji ya moto na majivu, inabeba maji; ikichoka na maji inabeba petroli ya taa, au lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, au chumvi. Haikai bure. Kwa hiyo René hakuziangalia mara mbili. Aliegemea tu, mzee aliyechoka kutembea, akaweka kiganja juu ya bidoni moja.

Ilikuwa na joto.

Jua lilikuwa bado halijauvuka ukuta. Aliigusa ya pili. Nayo vile vile, joto la mtoto mwenye homa. Ubavu wake ulikuwa umevimba. Kisha harufu ikamfikia, harufu aliyoifahamu kuliko ya mke wake marehemu.

"Jeancy," alisema. "Humu ndani kuna nini?"

Jeancy alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Ni kijana mchangamfu, mwenye kucheka kabla ya kusema, hata mbele ya baba mkwe wake. "Iko chlore, Papa bokilo. Ya poudre, ya unga. Ile ya kutia mu maji. Kule chini watu bako na shida ya maji mubaya, tutabauzishia na kikombe."

"Uliitoa wapi?"

"Mutu moja alikuwa na mapipa, yalibakia kisha ya choléra. Mifuniko ilikuwa imepasuka, donc nilihamisha."

"Na bidoni uliziosha?"

Jeancy alicheka mpaka akaachia kamba. "Papa! Chlore njo inasafisha vitu vyote. Sasa mi nioshe bidon ya nini? Itajiosha yenyewe!"

René alikuwa amekwisha kuelewa. Ndani ya bidoni zile, mafuta mekundu yalikuwa yameganda kwenye kuta na pembe, na mafuta ni watu wakarimu, elektroni zao ziko tayari kutoka. Unga mweupe nao haukuwa klorini ya kawaida. Katika unga ule klorini imeshikwa na oksijeni, jirani mwingine wa kona ile ile, aliye juu yake, aliyekwisha kumnyang'anya. Klorini iliyonyang'anywa ina njaa mara mbili. Na hao wote walikuwa wamefungiwa pamoja, kifuniko kimekazwa, wakisubiri jua la katikati ya mto.

Akawaeleza hivyo. Aliwaeleza kwa haraka, maneno yakigongana, na kadiri alivyoharakisha ndivyo alivyofanana na Papa Danger.

"Papa," Orpha alisema, akimfunga Benie kitambaa cha kichwa. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulimuuma kuliko kicheko. "Mwaka jana ulisema betri ya radio itatuua. Mbele ya ile ulisema dawa ya imbu. Tuko tunaenda, Papa. Utubariki tu."

"Nipeni kifuniko cha kopo la sadini," René alisema. "Nipeni na kijiko cha mawese. Mtaona kwa macho yenu."

Walimpa, kama mtu anavyompa mtoto kitu cha kuchezea ili anyamaze. Akaweka unga kidogo kwenye kifuniko, juu ya jiwe katikati ya ua, akaumwagia mafuta. Watu wakakusanyika. Unga ukalowa, ukawa na rangi ya chungwa. Basi. Walisubiri. Nzi akatua ukingoni mwa kifuniko, akaruka.

"Alors?" Jeancy aliuliza. "Moto imepotea njia?"

Ua mzima ulicheka. Hata Benie alicheka, bila kujua anacheka nini. Msukuma mkokoteni aliyekuja kuchukua mizigo aliita kwamba baleinière, mashua ya Barumbu, haingoji mtu; Jeancy akapakia bidoni, Orpha akapiga goti mbele ya baba yake, naye akamwekea mkono kichwani, lakini baraka haikutoka. Wakaondoka. Mkokoteni ulilia mpaka kona, kisha ukanyamaza.

René alibaki amesimama uani peke yake. Alifikiri: labda nimezeeka. Labda nimesahau. Aliinama kuokota kifuniko akitupe.

Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda kutoka katikati ya unga. Ukawa mnene. Mafuta yakaanza kutokota bila jiko, yakawa meusi, na ghafla, kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, ndimi za moto wa manjano zikaruka juu kufikia kiuno chake.

Hakuna aliyekuwepo kuona. Alipiga ukelele, na mwanamke wa nyumba ya pili aliuliza kwa juu ya ukuta kama Papa Danger ameona nyoka.

Alipata toleka barabarani, kijana mwenye baiskeli kuukuu. Akamwambia akimbize mpaka kwenye gati la baleinière, zile mashua ndefu za mbao zenye mota. Njia nzima alishika kiti kwa mikono miwili, akiona mbele yake kitu kimoja tu: mbao zilizokaushwa na jua, watu wamejazana juu ya mizigo yao, na mto pande zote. Kwenye nchi kavu moto una milango ya kukimbilia. Juu ya maji hauna. Orpha alijua kuogelea; Benie hakujua.

Baleinière ilikuwa bado. Watu walikuwa wanapanda kwa ubao, wakisukumana, na Alfani, mpanga mizigo, alikuwa anapokea magunia na kuyarusha nyuma. Baba yake Alfani, mtu wa Maniema, alifanya kazi hiyo hiyo zamani. Mzee yule hakupokea mzigo kabla ya kuuliza unakula nini na unaliwa na nini. Petroli aliiweka mkiani, unga wa muhogo mbele, na mafuta mbali na vyote, na mwenye mzigo akibisha alishushwa, awe mkubwa wa namna gani. Sasa mizigo inapangwa kwa jinsi inavyoingia. Bidoni za Jeancy zilikuwa katikati, chini ya magodoro. Kando yake kulikuwa na madumu ya petroli.

"Alfani!" René alimshika mkono. "Zile bidoni za manjano zitawaka."

"Mwalimu, weye tena?" Alfani alimtambua, akatabasamu. "Bidon ya mawese itawaka namna gani?"

"Usiniamini. Baba yako angeuliza humo kuna nini. Weka mkono wako tu."

Labda ni kule kutajwa kwa baba yake. Alfani alipenya chini ya magodoro, akaweka mkono. Akautoa upesi, akautazama.

"Hii bidon iko na moto," alisema polepole, na tabasamu lilikuwa limekwisha. "Nani mwenyewe wa hizi bidon?"

Kilichofuata kilikwenda haraka. Alfani aliita wenzake, wakatoa magodoro, wakaanza kurusha bidoni kwenye maji ya pembeni, pale penye tope. Jeancy aliruka juu ya mizigo akipiga kelele kwamba wanamuua, kwamba ule ni mtaji wake wote, kwamba huyu mzee ana wazimu na mji mzima unajua. Alimshika Alfani shati. Wakati huo huo bidoni moja iliyokuwa imeangukia kwenye mchanga ilipasuka. Haikulia sana. Ilitoa moshi wa rangi ya majani yaliyokauka, ukatambaa chini, na waliokuwa karibu walianza kukohoa na kushika macho, kisha mabaki ya bidoni yakashika moto. Watu wakapiga mayowe. Waliokuwa wanapanda walirudi nyuma, wakakanyagana ubaoni.

Jeancy alimwachia Alfani. Akakaa juu ya gunia, mikono kichwani, akitazama bidoni zake za manjano zikielea na kuzama.

René alimtafuta binti yake. Alimkuta amesimama ubavuni mwa mashua, macho mekundu, kwa moshi au kwa kulia.

"Orpha, mwanangu. Shukeni. Mtakwenda siku nyingine."

"Na nini, Papa?" alisema. "Nyumba tumerudisha. Vitu vyote viko humu. Siku nyingine tutaenda na nini?" Akamtazama mumewe. "Najua ulisema kweli. Nimeona. Lakini mbele ya watu wote, Papa. Bwana yangu, mbele ya watu wote."

Nahodha, mwenye hofu kwamba polisi wa mto watakuja kuuliza habari ya moshi, alikwisha kuwasha mota na kuamuru kamba zifunguliwe. Ubao ulivutwa. Alfani alimwambia René kwa ishara kwamba zote zimetoka, zimekwisha.

Mashua ikajitenga na gati. René alipumua, na ndipo macho yake yakaenda mbele kabisa ya mashua, kwenye kivuli cha turubai, ambako Orpha alikuwa amepanga vitu vyao vya safari: sufuria, kapu la chikwangue, ile mikate ya muhogo, mkeka. Benie alikuwa amekaa hapo, miguu ikining'inia, kitambaa chake kichwani. Alikuwa amekalia kitu kilichofunikwa kwa kitenge. Upepo ukainua pindo la kitenge. Chini yake kulikuwa na manjano.

Bidoni moja waliitenga kwa ajili ya maji yao wenyewe.

Alipiga kelele mpaka koo likachanika. Mota ilikuwa inanguruma, hakuna aliyesikia. Alinyoosha kidole kuelekea mbele ya mashua. Wasafiri wakadhani anaonyesha mawingu. Akapunga mikono, nao wakampungia. Jeancy hakugeuka. Orpha alikuwa amesimama katikati, anamtazama baba yake, na maji kati yao yalikuwa yanapanuka, ya kahawia, yakienda haraka.

Hapo René alisimama wima, akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu ukuta wake upakwe chokaa. Aliinua ngumi juu ya kichwa. Akaishusha kwenye paji la uso. Kifuani. Tumboni. Wasukuma mikokoteni walianza kucheka nyuma yake. Akaanza tena kutoka juu, kichwani, halafu kwenye paji la uso, na safari hii hakuishusha. Aliiacha hapo, kwenye paji la uso, mahali pa klorini, na kwa mkono mwingine akaonyesha mbele ya mashua, kwa mtoto.

Aliona mkono wa Orpha ukipanda wenyewe, kama zamani, kabla ya mwenyewe kufikiri. Ulifika kwenye paji la uso ukasimama. Kisha akageuka.

Alipita juu ya magunia na juu ya mapaja ya watu. Alimnyakua Benie kwa mkono mmoja kama kifurushi, akamsukumia kwa mwanamke aliyekuwa karibu. Akang'oa kitenge, akaipiga bidoni teke, haikwenda. Akaikumbatia, akaiinua mpaka ukingoni, akaiachia. Ilielea nyuma ya mashua, ikizunguka, na kabla haijafika mbali ilipasuka, na moshi ule wa rangi ya majani makavu ukalala juu ya mto, ukaifunika mashua na waliokuwamo.

Hawakurudi Kisangani. Wapo, wanaishi; mabaharia wa Barumbu wanasema Orpha anauza samaki wa kukaushwa, na Jeancy hataki jina la mkwewe litajwe nyumbani. René miguu yake haimruhusu tena safari ya mashua. Kila akiona bidoni ya manjano sokoni huweka kiganja chake juu yake, na watu bado wanamcheka.

Siku ile alisubiri gatini mpaka upepo ukautawanya moshi. Mashua ilikuwa imekuwa ndogo, karibu na pale mto unapopinda. Alimtambua Orpha kwa kitambaa cha kichwa cha mtoto aliyembeba. Jeancy alikuwa amesimama mbele yake akirusha mikono, inavyoonekana alikuwa anamgombeza, naye Orpha hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anajisugua kifua na mikono kwa maji ya mto, anamsugua na mtoto, haraka haraka, kama alivyofundishwa darasani kuiondoa klorini mwilini. Hakuinua mkono tena. Kisha miti ya ng'ambo ikawaficha, na hiyo ndiyo mara ya mwisho René kuwaona.